Harufu kwenye Mlima wa Kasugho

Kitsa alikuwa dereva wa mradi wa afya pale Butembo kwa miaka kumi na sita, na jeep yake kuukuu aliijua kama mtu anavyojua kikohozi cha mkewe. Ilipoletwa jeep mpya, ile ya gia za kujibadilisha zenyewe, wote walidhani itakuwa yake. Akapewa Victoire, ambaye Kitsa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika usukani. Tena wakampeleka mjini Beni siku tatu kujifunza gari hilo, akarudi na karatasi yenye mhuri.

Kitsa alimpongeza mbele za watu. Moyoni kijicho kilimla kama mchwa alavyo boriti.

Wakaenda Kasugho na magari yote mawili kupeleka chanjo. Wakati wa kurudi, muuguzi wa huko, Sophie, akawaomba wambebe Joyeuse, mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake; mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni, na upasuaji ulikuwa Butembo tu.

"Tumuweke mu gari mupya," Sophie akasema. "Ile ya Papa Kitsa itamurusharusha."

Kitsa akapanda gari lake, akabamiza mlango.

Mvua ilikuwa imenyesha na njia yote ilikuwa matope. Victoire alitangulia, na Kitsa akaliona kosa lake mapema: hakuwa amevuta kijiti cha gia fupi ya milimani; alikuwa akipanda kwa gia ndefu, ile ya barabara kavu, mguu umekandamiza, magurudumu yakizunguka bure na gari likitambaa. Jeep ya namna ile ikiendeshwa hivyo, mafuta ya giaboksi huchemka, na yakichemka sana gari hukosa nguvu. Kwenye mlima wa pili harufu ya mafuta yaliyoungua ikamfikia puani. Akapandisha kioo cha dirisha.

Darajani Victoire akasimama, akamfuata kwa miguu.

"Papa Kitsa, kuko kitu kinanuka. Ni ya kwangu ao ya kwako?"

Jibu la kweli lilikuwa mdomoni mwa Kitsa. Kisha akaitazama ile jeep iliyosimama mbele yake, mpya hata chini ya matope.

"Ni frein zangu tu. Tuendelee," akasema, ingawa breki zake hazikuwa na neno.

Kwenye mlima wa tatu jeep mpya ikanguruma bila kusogea. Kitsa alipofika mbio, taa nyekundu ilikuwa inawaka mbele ya Victoire, na nyuma Joyeuse alikuwa akilia kwa sauti ndogo, ya mtu aliyechoka hata kulia. Kitsa akaona aibu.

"Usizime moteri," akamwambia Victoire. "Weka point mort, gia isishike kitu, izunguke yenyewe mpaka mafuta ipoe. Kisha upande na gia fupi, pole pole. Gia ndefu ndiyo imeichemsha."

Wakamhamishia Joyeuse kwenye jeep kuukuu. Kitsa akapita ukingoni mwa njia, akaendesha kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha hata siku ya harusi yake. Hospitali ikampokea mama, na saa tisa alasiri mtoto wa kike akalia. Watu wakamsifu dereva. Sifa alizozitamani muda mrefu hazikuwa na ladha.

Victoire aliingia uani mwa mradi jioni, gari likitembea bila kuvutwa. Kitsa akamwendea peke yake.

"Nilisikia harufu tangu mulima wa pili. Haikukuwa frein."

"Najua. Nilikuona mu kioo ukifunga dirisha."

"Sasa ju ya nini ulikuja kuniuliza?"

"Ni wewe ulinifundisha, Papa. Nilisema moyoni, nikimuuliza, hawezi kunificha."

Asubuhi Kitsa akaenda ofisini kwa mkubwa wao akaeleza yote. Akasimamishwa kazi mwezi mzima.

Aliporudi, safari ya kwanza ilikuwa ya Masereka, naye akapangwa kukaa kando ya Victoire. Kila mkono wa Victoire ulipoteleza juu ya usukani ule, kitu kilimfinya kifuani, vilevile kama zamani. Kijicho hakikuwa kimepona. Mbele matope yakaonekana.

"Weka gia fupi," akasema. "Sasa, mbele ya kuingia matope."