Siku Niliyotii

Kwa masikitiko makubwa natangaza kwamba mimi, Mikidache wa Ambanoro, mwanafunzi wa bweni hapa Mahajanga, nimewahi kutii amri. Ilikuwa mara moja tu, mwaka huu wa 1979, na sikusudii kurudia.

Amri yenyewe niliisababisha mimi. Mwalimu Youssoufa, anayetufundisha muziki, alipewa kinasa sauti cha kaseti, akakipenda kuliko alivyowahi kutupenda sisi. Tukiimba, kinanasa, kisha anarudisha utepe nyuma tusikie wenyewe pale tulipopotoka. Lazima nikiri kwamba tulianza kuimba vizuri. Ila siku tuliyorekodi wimbo wa kumpokea mkaguzi, jogoo aliwika katikati ya ubeti wa pili. Mkaguzi alipowekewa kaseti aliinama kutazama chini ya meza. Shuleni hatufugi kuku. Nilisugua masufuria ya jikoni mpaka vidole vikakunjamana, na sheria ikaandikwa ubaoni: taa nyekundu ya kinasa sauti ikiwaka, kimya. Hakuna kukohoa wala kupiga chafya.

Sasa, bibi yangu, Koko Zalia, ndiye kiongozi wa kaswida za wanawake kule Ambanoro. Yeye hutoa mstari, wanawake walioketi na matari humwitikia, ndipo yeye hupanda mstari unaofuata. Iko kaswida moja aliyoachiwa na mama yake, na hakuna mwingine aliye hai anayeijua mpaka mwisho. Mwalimu Youssoufa aliponisikia nikiiimba kwa sauti ya chini bwenini alinikamata bega.

"Hiyo umeipata wapi?"

"Kwa Koko, Mwalimu. Lakini mimi najua mwanzo tu. Hanifundishi. Anasema mzaha wangu utaiharibu."

"Basi atawafundisha wote kwa kaseti," akasema. "Isije ikazikwa naye."

Koko alivuka bahari kutoka kisiwani kwetu hadi bandari ya Ankify, akapanda gari la abiria, akafika Mahajanga kwa harusi ya binamu yetu. Asubuhi moja akaja darasani amejitanda leso mpya, ananukia asumini. Alizungumza Kikomoro chake, mimi nikimtafsiria Mwalimu kwa Kifaransa.

"Nitaimba," alisema. "Lakini huyu akiwika, nitamkaanga."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akainua kidole. "Hakuna atakayewika. Leo nataka kimya kama cha kaburini. Mikidache, niapie."

Nikaapa. Taa nyekundu ikawaka.

Koko alitoa mstari wa kwanza. Sijui nisemeje, hata Ibouroi, ambaye husinzia katika kila somo, alinyoosha shingo. Mstari ukaisha, na Koko akaacha nafasi.

Kiitikio chake ni kumsalia Mtume tu, na nusu ya darasa letu wanakijua tangu wakiwa matumboni. Hakuna aliyefungua mdomo. Taa ilikuwa inawaka.

Akaurudia mstari uleule. Akaacha nafasi. Utepe ukazunguka.

Mwalimu Youssoufa, kama wanaume wengi, hajawahi kukaa kwenye kaswida ya wanawake. Mimi nimelelewa kwenye mapaja ya Koko katikati ya matari, kwa hiyo nilijua. Kwetu wanawake wakimchoka kiongozi hawamwambii neno. Siku akitoa mstari, hawaitikii. Naye hukunja leso yake akaenda kukaa safu ya nyuma, na habari imekwisha.

Nilifungua mdomo. Mwalimu akanikazia macho, kidole mdomoni. Ibouroi akanikanyaga mguu. Nikaufunga.

Koko akautoa mstari mara ya tatu, akinitazama mimi. Kisha akanyamaza.

"Safi kabisa!" akasema Mwalimu. "Hata nzi hakusikika! Mwambie aendelee." Akamrudishia utepe asikie. Ikatoka sauti ya Koko peke yake, halafu mchakacho wa utepe, halafu Koko tena peke yake.

Koko akainuka, akajitanda upya. "Nimesikia," akasema.

Nilimkimbilia mpaka kwenye lango. "Koko, si sisi! Ni amri. Mashine ikiwaka haturuhusiwi kusema!"

Akasimama. "Wewe, Mikidache?"

"Ndiyo, Koko."

"Ulimwaga chumvi kwenye chai ya maulida mbele ya shehe. Tangu lini wewe unafuata amri?"

Akapanda pousse-pousse, kile kigari kinachokokotwa na mtu, akaenda zake.

Likizo ilipofika nilimlilia Mwalimu mpaka akaniazima kinasa sauti na kaseti ile. Nilikibeba mapajani safari nzima kama mtoto mchanga. Nyumbani nikakuta mambo yamekwisha: katika kaswida, mbele anakaa Mariamou, mwanamke mwema mwenye sauti ya mlango mbovu, na Koko anaitikia kutoka nyuma. Alishuka mwenyewe. Hakusubiri wenzake wamnyamazie.

Nikamfuata jikoni, nikaketi kizingitini, nikabonyeza kitufe. Sauti yake ikatoka. Ilipofika nafasi, nikaitikia kwa nguvu zote. Mara ya pili nikaitikia. Mara ya tatu nikaitikia, nikasubiri apande mstari unaofuata.

Kwenye kaseti Mwalimu Youssoufa akasema, "Safi kabisa! Hata nzi hakusikika!"

Koko alikuwa akipaa samaki. Hakuinua uso.

"Mwalimu wako anapenda kimya," alisema. "Mrudishie chombo chake. Na uniletee maji."

Nikamletea maji.

Sasa shule imefunguliwa, na Mwalimu ameniuliza, "Mstari wa pili?"

Mimi nimewahi kubuni homa, mafuriko na vifo vya wajomba watatu, mmoja wao mara mbili. Mstari mmoja wa kaswida ningeutunga kabla ya chakula cha mchana, na hakuna ambaye angenigundua.

"Sijui, Mwalimu," nikasema.

Kwa hiyo darasa letu limejifunza mstari wa kwanza. Tunauimba, tunauitikia, tunaurudia. Taa nyekundu ikiwaka, mimi ndiye ninayeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, na Mwalimu, tangu nimweleze kimya kile kilimwambia nini Koko, hanikatazi tena.