Hodi ya Pete

Ti-ti, halafu ti. Pete juu ya bati. Nilikuwa bado kitandani, nikadhani tuna mgeni. Nilipotoka uani nilimkuta mama amesimama upande wa ndani wa lango letu, anagonga kana kwamba yuko nje.

"Mama, unamubishia nani hodi?"

"Najifunza. Leo naenda kwa Mama Danielle."

Zilibaki wiki tatu aende Maka, na anayekwenda Hija huomba kwanza radhi kwa wote aliowakosea. Buyenzi, mtaa wetu, alishaimaliza, nyumba kwa nyumba. Alibaki Spéciose, mama yake Danielle, aliyekuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Miaka tisa iliyopita, siku ile vijana wenye bunduki walipoingia avenyu yetu wakisaka watu wa kabila lake, Spéciose aligonga lango letu kwa pete yake, ti-ti, halafu ti, kama alivyogonga siku zote akija kuomba chumvi. Mama hakufungua.

"Hatukumukosea mutu," nikasema, damu imeshanipanda. "Ilikuwa vita! Kama ni lazima, nimeandika beti nne. Nitamusomea."

"Beti zako ziache hapa, we. Vaa viatu."

Mgeni akija Bujumbura hupelekwa ziwani kuona viboko. Hakuna anayemtembeza kutoka Buyenzi hadi Ngagara, anakokaa Spéciose sasa, ingawa kwa miguu haifiki hata saa moja. Tuliwapita mafundi waliolala chini ya magari, miguu tu ikionekana, tukafika daraja la Ntahangwa. Chini, wanaume walikuwa wanachota mchanga. Mama akashika ukingo wa daraja.

"Waliomuona walisema alivukia hapa. Mutoto mugongoni."

"Lakini alivuka, mama."

Akauachia ukingo, akatangulia.

Ngagara kulikuwa kimya, nyumba za watumishi wa serikali zimepangwa sawasawa nyuma ya michongoma. Kwenye mtaa wa Kartie ya Tatu mama aliuliza mara moja tu, akaoneshwa lango la kijani. Akafuta jasho. Ti-ti, halafu ti.

Kandambili zikaburuzwa hadi langoni, zikasimama. Komeo halikuguswa.

"Nani?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Unajua ni nani, Mama Danielle."

"Na we siku ile ulijua."

"Nilijua."

Nikafungua mdomo kututetea. Mama akanikanyaga mguu, na kisigino chake si chepesi.

"Siku ile ulikuwa wapi?" sauti ikauliza. "Uvunguni?"

"Apana. Nyuma ya lango. Mukono juu ya komeo."

"Na ule mwingine?"

Mama akanitazama.

"Mudomoni mwa Uthmani. Alikuwa anataka kukuitikia."

Nilikuwa na miaka kumi. Ule mkono naukumbuka: ulinuka kitunguu, na miaka yote hii nilidhani ulikuwa unanikinga mimi na bunduki tu. Beti zangu nne zikanitoka kichwani.

"Nimekuja kuomba radhi," mama akasema. "Usipofungua, nitakaa hapa. Na mi leo ni zamu yangu kukaa nje."

Komeo likalia. Spéciose alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka, nywele zimeingia mvi, pete bado kidoleni. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi, toka viatu hadi kichwa.

"Ndiye huyu? Ule mutoto wa kamasi?"

"Ndiye. Sasa anaandika mashairi."

"Pole, Mama Uthmani."

Wakacheka, kisha mama akashindwa kumaliza kicheko, na Spéciose akamvuta kifuani mwake, pale pale katikati ya lango.

"Nimekusamehe," akasema juu ya bega la mama. "Nenda kwa Mungu wako. Lakini usiku bado nasikia lile lango halifunguki."

Nilimshika mkono, ule wenye pete.

"Mama Danielle, gonga kwetu siku yoyote, hata kama barabarani kuna nini. Mi ndiye nitakayefungua."