Vidole Viwili Chini ya Alama

Mafuta yalisimama vidole viwili chini ya alama, na uwanja mzima ukamgeukia baba yangu.

Alama hiyo aliichora babu kwa msumari, ndani ya mtungi wa shaba, kabla sijazaliwa. Ukileta debe moja la haradali kwenye kinu chetu, unarudi na mafuta yaliyofika kwenye alama. Mashudu yanabaki kwetu, ndiyo ujira. Kijijini kwetu, nje kidogo ya Bharatpur, watu waliiamini alama ile kuliko mizani ya serikali. Sasa Chaudhri Hukam, mwenye mashamba kuanzia barabarani mpaka mferejini, alikuwa ameuinamisha mtungi ili kila mtu ajionee.

"Girdhari, umeyanywa?" alimwuliza baba. Watu wakaangua kicheko.

"Chaudhri, mbegu za mwaka huu..."

"Mbegu ni zilezile alizolima marehemu baba yangu. Kinu kilekile, maksai yuleyule. Kilichobadilika ni mkono wako."

Baba aliingia ndani. Tangu siku ile alilala akiutazama ukuta, nami nikabaki na Dholu, maksai wetu, na kinu ambacho hakuna aliyekiletea hata kibaba cha mbegu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ulimi usio na breki. Nikasema nakwenda kumtukana Chaudhri mlangoni kwake.

"Thubutu," baba alisema bila kugeuka. "Aliyeitwa mwizi akipiga kelele, watu wanahesabu vyombo."

Lakini macho nilikuwa nayo. Januari ile tulilala miguu nje ya blanketi kwa joto. Haradali ilitoa maua kabla ya wakati wake, na Februari ukavuma upepo wa joto ambao kwa kawaida tunausubiri mwishoni mwa Machi. Mbegu zikakauka kabla ya kushiba. Nilizisugua kiganjani: ndogo, nyepesi, zimekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Mbegu inataka baridi ili ijaze mafuta yake polepole, na baridi haikuja. Nilimweleza kila aliyesimama kunisikiliza. Wakasema binti wa mwizi ana hadithi tamu.

Aprili ikafika harusi ya Munesh, binti wa Chaudhri. Kwetu bi harusi hupakwa mafuta kabla ya kuolewa, na wanawake huyafuata kwa mkamuaji wakiimba. Baba aliusikia wimbo ukija kwenye kichochoro, akaketi kitandani, akafunga kilemba chake. Wimbo ukapita mlangoni kwetu, ukaenda kwenye duka la mafuta ya chupa. Baba akakifungua kilemba taratibu, akalala tena. Nikavaa ndala, nikaenda.

Uani kwa Chaudhri nilimkuta Jaipal, kaka wa mama yake Munesh, amewasili na zawadi za mjomba kutoka kaskazini, upande wa Hisar. Kati ya nguo na bangili kulikuwa na debe la haradali ya shamba lake, kwa ajili ya mafuta ya bi harusi. Ugomvi wetu hakuujua.

"Mkamuaji wenu yuko wapi?" aliuliza.

"Yuko kwetu," nilisema. "Mjomba, lilete debe lako. Chaudhri, nawe leta lako. Yakamuliwe mbele ya kijiji kizima. Mimi na baba hatutagusa kitu. Bibi Chandro akalie boriti inayovutwa na maksai, amwendeshe mwenyewe."

Bibi Chandro ndiye mama yake Chaudhri.

"Na yote mawili yakipungua?" aliuliza Chaudhri.

"Chukua Dholu. Kinu mkakipasue kuni."

"Mama, utaketi kwenye kinu watu wakikuona?"

"Tangu niolewe nakitamani kiti kile," alijibu Bibi. "Nishike mkono, twende."

Uwanjani kwetu lilianza debe la Chaudhri. Bibi alikuwa mwepesi mno, ikabidi Jaipal aweke jiwe kando yake kwenye boriti ili mchi ukandamize mbegu. Dholu, macho yamefungwa kitambaa, akazunguka na kuzunguka, mchi ukalia, mafuta yakachuruzika. Mwisho Jaipal akauinua mtungi. Vidole viwili chini ya alama.

Bibi Chandro akachungulia, akamtazama mwanawe.

"Hukam, nami nimeyanywa?"

Wakayamimina kwenye ndoo, wakatia debe la Jaipal. Mara hii harufu ilipanda kali, machozi yakatutoka kabla mafuta hayajajaa. Yalifika kwenye alama ya babu, yakaipita kwa unene wa kidole. Nilipiga kigelegele, na sikujali nani aliniona.

"Kwani kwenu baridi ilikwenda wapi?" Jaipal alishangaa. "Kwangu Januari tulikuwa tunavunja barafu kwenye ndoo za ng'ombe."

Chaudhri alisogeza mkono kwenye kilemba chake, akitaka kukivua amwombe baba radhi. Hapo baba akatoka ndani, kilemba chake kimefungwa vizuri kuliko siku ya sikukuu ya Diwali.

"Acha kilemba, Chaudhri, jua kali. Haya yaliyopita alama, chukueni pia. Nisije nikaambiwa nimeyanywa."

Kicheko cha siku ile sijakisikia tena. Wanawake wakaunyanyua mtungi, na safari hii wimbo ulianzia mlangoni kwetu.

Asubuhi yake, Chaudhri aliurudisha mtungi mwenyewe, ukiwa mtupu na umesuguliwa. Akachuchumaa karibu na kinu, akaweka vidole viwili chini ya alama ya babu.

"Girdhari," alisema, "hebu nipe msumari."