Ndoo Mbili Zisizoagizwa

Merle Tranter alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa siku moja. Alikuwa amepima zege pale mjini Whyalla kwa miaka thelathini na mmoja, na zilibaki wiki tatu astaafu. Laiti lori hili la zege lingekuja baada ya yeye kuondoka.

Sampuli ya katikati ya lori ilisoma vizuri. Unga mweusi wa kaboni uliotiwa ndani ya zege hili, laini kuliko vumbi, hupitisha umeme. Ukichanganyika sawasawa, namba hulingana kila unapogusa. Kanuni zilitaka hiyo ya katikati tu. Lakini Merle, kwa ukaidi wake wa siku zote, alikuwa amechota pia zege la mwanzo na la mwisho wa lori, kwa ndoo zake tupu za mtindi. Huko namba zilipishana. Alilikata zege, akalisugua, akainamia hadubini: madonge meusi, kama uji uliokorogwa na mvivu, na zege lenye madonge hupasuka likilemewa.

Hakuhitaji kuuliza kosa ni la nani. Wiki nne nyuma, unga ulipokwisha kutiwa, dereva alimuuliza azungushe pipa la lori dakika ngapi. Naye, jua likimchoma na akili iko kwenye chai ya saa nne, akajibu tatu. Tatu ni za rangi na dawa za kawaida za zege. Alikuwa amezitamka maisha yake yote. Unga huu unataka kumi. Mazoea yana taabu.

Dougie Laffin, msimamizi wa mafundi waliomwaga zege lile gatini, aliingia akichechemea na pai ya nyama mkononi.

“Bibi mkubwa, niwekee sahihi kuwa zege liko sawa, nikalale. Jumatatu kreni inapanda, na magoti yangu yameshagoma.”

Merle alimsogezea karatasi ya namba. Dougie aliisoma hadi chini, akairudia.

“Hizi ndoo mbili nani kakuagiza?”

“Hakuna.”

“Basi hazipo, Merle. Tupa.”

Merle alitamani kutupa, kweli alitamani. Angeagwa kwa keki na kupeana mikono, na hakuna ambaye angejua. Wala hakutaka kumwona mzee huyu akivunja zege juani kwa magoti yale.

“Mwisho wa lori ulimwagwa ukingoni,” alisema. “Na kreni itasimama ukingoni.”

Dougie alitazama tena karatasi, pale palipoandikwa muda wa kuzungusha pipa. “Nani alisema dakika tatu?”

“Mimi.”

Dougie hakumtukana, na hilo lilimuuma Merle zaidi. Dougie aligeuka na pai yake, akaenda hadi mlangoni. Akasimama pale, kisha akarudi na kuiweka mezani.

“Kula. Jumatatu uje na buti. Sisi tukivunja, wewe utashika mpira wa maji wa kutuliza vumbi.”

“Nitakuja.”

Mlango ulipofungwa, Merle aliandika jina lake kwenye ripoti, katika mstari wa chanzo cha kosa. Kisha akala ile pai, ikiwa imeshapoa.