Posa ya Mkata Mkonge

Uzeeni, baada ya miaka mingi ya ujane, Bibi Tatu wa Sindeni alipata mchumba, na kijiji kizima kikapata la kuzungumza. Mchumba mwenyewe alikuwa mzee Shukuru, Mmakonde aliyezaliwa kambi ya mkonge huko Korogwe, mkata mkonge wa zamani ambaye sasa anauza kamba sokoni. Tatu alikwenda kununua kamba ya mbuzi, akarudi akicheka peke yake njia nzima.

Kikwazo kilikuwa kaka yake, Mbaruku. Enzi za vita vya ukombozi wa Msumbiji, ndugu yao Ramadhan, naye mkata mkonge, aliondoka na Shukuru kwenda kupigana na Wareno. Shukuru alirudi, Ramadhan hakurudi. Shukuru alipofika Sindeni kutoa taarifa, baba yao alimfukuza kwa panga kabla hajafungua mdomo. Tangu siku ile, watu wa kambini na ukoo wa Mbaruku hawazikani.

Posa ilipoletwa, Mbaruku aliirudisha. Alisema hawezi kumwoza dada yake kwa mtu aliyemshawishi ndugu yao kwenda vitani, kisha akamtelekeza porini. Tatu hakubishana. Asubuhi yake alipanda bodaboda hadi Korogwe, akarudi na mchumba wake wamebanana mishikaki nyuma ya dereva, akamketisha barazani mbele ya kaka yake.

"Kaka, muulize mwenyewe," alisema. "Baba hakumuuliza, na wewe hujamuuliza."

Mbaruku akauliza bila kumtazama mgeni: "Mlimzika, au mlimwacha?"

"Tulimzika," Shukuru akajibu. "Homa ilimshika tukisubiri kuvuka Ruvuma. Nilimwosha mimi, tukamswalia. Na hakuna aliyemshawishi, mzee mwenzangu. Mimi ndiye niliyemfuata yeye."

Tangu utoto Ramadhan alikuwa mtu wa kutangulia, hata kwenye kuiba miwa. Mbaruku alicheka bila kutaka, akajifuta macho kwa pindo la kanzu, akaagiza jogoo akamatwe.

Ndoa ilifungwa Ijumaa. Watu wa kambini walikuja na ngoma zao, Wazigua wa Sindeni wakatoa za kwao, wakashindana mpaka kuku wakakimbilia kwenye mihogo. Mbaruku alimng'ang'ania shemeji yake chini ya turubai, akitaka asimuliwe Ramadhan alikula nini huko, aliimba nini, aliwatania akina nani. Pilau ikaanza kupoa. Bibi harusi alipochoka kusubiri alijipakulia, akala na mnofu aliowekewa bwana harusi.