Jasusi Yuko Chooni

Siku jasusi alipotoka kitabuni, Qali alikuwa Soko Mugdi, Garissa, anachuja maziwa ya ngamia kwa kitambaa ili nywele na majani vibaki juu. Ilikuwa asubuhi tu, lakini jua lilishaanza kuchoma kama lina kesi na mtu. Jasusi alitokea upande wa wauza nyama, suti nyeusi, miwani nyeusi, ananukia wino. Akafika kwenye ukuta wa bucha ya Maka, akaendelea kutembea. Ukuta haukusogea. Miguu yake iliendelea kwenda tu, kushoto, kulia, paji la uso limegusa ukuta, mpaka Maka akaweka kisu chini, akamshika mabega na kumgeuza kama mtu anavyomgeuza mbuzi. Jasusi akaenda zake.

"Huyo ni wa mchezo," alisema Abdiwali. "Ukimwacha hivyo anatembea mpaka stima ipotee."

Abdiwali alikuwa mtoto wa kaka yake Qali, mwanamume mzima mwenye ndevu na talaka moja, na kibanda chake cha michezo ya video kilikuwa ubavuni mwa meza ya maziwa. Alimjua jasusi vizuri, maana michezo yake yote alikuwa nayo, na mwaka huu wenye mchezo walikuwa wametoa na riwaya, kitabu kinene, jina la jasusi limeandikwa juu kwa dhahabu. Qali hakuona haja ya kulisoma.

Sehemu moja ya riwaya ilitokea Garissa. Aliyeiandika hakuwahi kufika, kwa hiyo aliweka mlima nyuma ya soko na bahari mbele yake. Mlima ulikuwa umeshafika tangu Jumapili, na mbuzi walikuwa wameshaupanda. Bahari bado.

Jasusi akaanza kupiga mateke masanduku ya nyanya ya Salah, moja baada ya lingine, akichungulia ndani.

"Waryaa, umepoteza nini humo?" Salah akamuuliza.

"Risasi," jasusi akajibu. "Na dawa." Kiswahili chake kilikuwa safi sana, kama cha mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Hizo ni nyanya."

"Naona," akasema jasusi, akapiga lingine teke.

Abdiwali alikuja na kitabu, kidole kimekaa katikati ya kurasa. "Eeddo," alisema, maana ndivyo anavyomwita shangazi yake, "kuna jambo kwenye ukurasa wa mia na arobaini na tatu." Akamtafsiria taratibu. Adui anafika sokoni baada ya adhuhuri. Anamfyatulia jasusi risasi, inamkosa, inampata mwanamke mzee anayeuza maziwa. Jasusi anamfumba macho yule mwanamke na kusema kwamba sasa vita hivi ni vyake. Kisha anaruka daraja la Tana kwa pikipiki.

Qali alikung'uta kitambaa. "Mwanamke gani?"

"Mzee. Ni wewe, eeddo."

"Mzee ni mama yake aliyeandika. Na jina langu liko wapi?"

"Hakuna."

"Bunduki ina jina?"

"Bunduki ina jina, na namba, na nchi ilikotengenezwa. Hata saa ya jasusi ina jina."

Qali alifikiria. Mjukuu wake alikuwa anaolewa Ijumaa, na ngoma ya wanawake bila Qali ni wanawake waliokaa tu. Angeweza kurudi nyumbani. Lakini Abdiwali alimwambia risasi haikuandikiwa Qali, imeandikiwa kigoda cha maziwa. Akiondoka, jirani yake Iftin atasogea kivulini akae hapo, kama afanyavyo kila siku. Iftin alikuwa na ulimi mrefu na maziwa yenye maji, ila hiyo haikuwa sababu ya kutosha ya kufa.

Basi Qali akamwita jasusi, akamwonyesha ukurasa.

"Najua, mama. Pole sana," alisema jasusi, akavua miwani. "Usipokufa sitakasirika. Nisipokasirika siwezi kuruka daraja."

"Kasirika bure. Wanaume wa hapa wanaweza."

"Sikuandikiwa hivyo."

"Hilo daraja ulilipita asubuhi. Polisi wa hapo walikuuliza kitambulisho?"

"Hapana. Walinipungia mkono."

"Mimi nimezaliwa ng'ambo hii, na kila nikipita nashushwa kwenye basi," alisema Qali, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari. "Haya, keti. Mgeni hafiwi na mtu kabla hajanywa."

Akamjazia kikombe. Jasusi alisitasita; katika riwaya nzima alikuwa amekunywa pombe tu. Lakini Maka na Salah walikuwa wameacha kazi wanamtazama, na mtu hakatai maziwa mbele za watu. Akanywa. Qali akaongeza. Akanywa. Qali akampa na yale machachu, yaliyolala kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi tangu juzi.

Maziwa ya ngamia hayana neno na mtu aliyeyazoea. Mgeni yanampa nafasi ya kumaliza hadithi moja fupi, kisha yanamwita. Na huyu alikuwa na kurasa mia na arobaini na mbili ambamo hakuwahi kwenda haja hata mara moja.

Jasusi alikaa wima. Akatazama mlima. "Mama," alisema polepole, "choo kiko wapi?"

"Nyuma ya msikiti. Beba birika."

Akabeba birika, akaenda kwa mwendo ambao Abdiwali hajawahi kuuona kwenye mchezo wowote.

Watu walipokuwa wanatoka kuswali adhuhuri, adui akafika, kovu shavuni, bastola mkononi. Akaangaza soko zima.

"Yuko wapi?"

"Yuko chooni," alisema Qali.

"Atatoka lini?"

"Hayo ni yake na Mola wake. Weka hicho chuma hapo kando ya vikombe, ukae. Unatoka mbali?"

Adui alikuwa ametoka mbali, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Akakaa. Akanywa vikombe vitatu na kusema maziwa ni matamu. Kufika alasiri, wote wawili walikuwa nyuma ya msikiti wakipokezana birika, na mtu wa nje alikuwa anamwomba wa ndani afanye haraka. Bastola ilibaki mezani mpaka jioni, Qali akaitumia kuzuia kitambaa kisipeperuke.

Kesho yake jasusi hakuwapo. Mlima uliachwa, hakuna aliyekuja kuuchukua. Abdiwali alifungua kitabu kwenye ukurasa uleule.

"Garissa haipo tena, eeddo. Sasa ni Takaba. Mwanamke mzee anayeuza maziwa."

Qali akampigia simu Ebla, waliyesoma naye shule ya msingi, muuza maziwa wa Takaba. "Atakuja mtu wa suti. Mpe yaliyochacha." Ebla hakuuliza mengi. Baada ya siku chache akapiga: mtu amekuja, amekunywa, ameenda. Na yule wa kovu anakusalimia.

Ukurasa ukahamia Rhamu. Qali alikuwa na binamu Rhamu.

Kisha, baada ya harusi, Abdiwali akasoma mara mbili kabla ya kusema. Sasa kitabu kilisema kijiji tu, kule kaskazini. Kijiji hakikuwa na jina. Wala mwanamke.

Qali alitafuta kwenye simu yake, namba zote, akairudisha mfukoni. Akajaza maziwa machachu kwenye dumu la manjano, la lita ishirini, akalivuta mpaka kwenye lori la Kerrow lililokuwa linapakia unga wa kwenda Mandera.

"Nimpe nani?" Kerrow akauliza.

"Mwanamke mzee anayeuza maziwa. Asiye na jina."

Kerrow akacheka. "Eeddo, hao njia nzima wamejaa."

"Najua," alisema Qali, akikaza kifuniko. "Kuna madumu mengine matatu, shuka unisaidie kubeba."