Ekari Nane na Mjane Mmoja

Maftah Hamim, fundi seremala wa Mugumu, aligawa ukurasa wa daftari katikati kwa penseli ya kuchorea mbao. Upande wa kushoto akaandika Faida, upande wa kulia akaandika Hasara. Mkewe Kuruthumu alikuwa jikoni akigeuza vitumbua, na chai ilikuwa tayari mezani.

"Anza na hasara," alisema Kuruthumu. "Faida umeniimbia mwezi mzima."

Maftah alianza na faida. Udongo mweusi, unaoshika maji. Kijito upande wa chini, hakikauki hata Agosti. Barabara inapitika kwa bodaboda mwaka mzima, kwa lori kiangazi tu. Mipaka ni minyaa iliyokomaa, si vigingi vya kubishaniwa. Tembo hawafiki. Bei ni nafuu kiasi cha kumtia mtu wasiwasi, lakini hilo hakujua aliandike upande gani, akaliacha.

Upande wa hasara aliandika mstari mmoja: Shamba hulala anapolala mjane.

Kuruthumu alikuja na sahani, akasoma juu ya bega lake. "Mjane gani?"

"Ghati, wa marehemu Kisyeri. Shemeji yake, Nyangwine, ndiye anayeuza."

"Na kulala anapolala maana yake nini?"

"Maana yake ni hiyohiyo. Mama huyo akilala ugenini, asubuhi shamba nalo liko ugenini."

Kuruthumu alikaa, akamimina chai. "Hiyo ni hasara kubwa, Baba Saida," alisema. "Ipigie mstari."

Si kwamba Maftah alikuwa mtu wa tamaa. Babu yake alifika Mugumu kutoka Tanga na msumeno mmoja, na tangu siku hiyo familia nzima ilikuwa wapangaji: vyumba vya kupanga, karakana ya kupanga. Mwenye karakana alikuwa ameshampa notisi mbili. Maftah alitaka mahali ambapo hakuna mtu atakayemwambia ahame. Angepanda mitiki, angeizeekea.

Shamba lenyewe alikuwa ameliona mara mbili. Mara ya kwanza lilikuwa mahali pake, Busawe, kandokando ya barabara. Mara ya pili alikwenda na futi ya kupimia, akamkuta Nyangwine amesimama peke yake, kwa aibu ya mwenyeji aliyepata mgeni wakati viti vimeazimwa. Minyaa ya jirani wa kulia ilikuwa imekutana na minyaa ya jirani wa kushoto, na katikati hapakuwa na nafasi ya kupitisha mbuzi.

"Mama kaenda kumuuguza dada yake hapo mbele," alisema Nyangwine. "Atarudi kesho kutwa."

"Na shamba?"

"Litarudi naye. Halijawahi kubaki."

Walikwenda kwa dada mtu. Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba, mahindi yake yamefika magotini, na majirani wa pale walikuwa wakizungusha ng'ombe wao njia ndefu ili kufika mtoni. Maftah akalipima palepale. Ekari nane kamili. Halikupungua hata hatua moja njiani, na hilo lilimfurahisha.

Nyangwine hakuficha kitu. Alieleza kila jambo, mithili ya mtu anayeeleza kasoro za pikipiki anayoiuza. Kisyeri alipofariki aliacha mke na binti mmoja, Boke, aliyeolewa Sirari. Hakuacha mtoto wa kiume. Ukoo ulikaa, ukaamua ardhi irudi kwa ndugu wa marehemu, na Ghati arudi kwao Nyamwaga. Ghati akafunga mzigo, akaenda. Kwa umbali ule, asubuhi ya nne ndipo shamba likafika Nyamwaga. Lilikuwa limevuka mto Mara bila daraja, na mihogo ya upande wa chini ilikuwa bado inachuruzika maji. Lilikaa kwenye uwanja wa shule. Wanafunzi walikosa michezo wiki mbili, mwalimu mkuu akaandika barua. Ndugu zake Ghati walisema wanampenda dada yao, ila si kwa mzigo ule. Akarudishwa Busawe.

"Na baraza la ardhi?" aliuliza Maftah. "Hakushtaki?"

"Alishtaki. Kikao kilikuwa kata nyingine, akaenda kulala huko ili awahi asubuhi. Shamba likamfuata. Baraza likasema shauri lilifunguliwa kwa ardhi iliyoko Busawe, na Busawe hakuna ardhi ya namna hiyo. Wakalifuta."

Baada ya chai ile na mkewe, Maftah alirudi Busawe mara ya tatu, akaomba kuonana na mjane mwenyewe. Alimkuta akipalilia, mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka sitini na kitu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi unayenunua."

"Bado napima mambo."

"Pima."

"Mama, wewe mwenyewe unasemaje?"

Ghati alisimamisha jembe. Hakuwa ameulizwa swali hilo tangu msibani. "Mimi na Kisyeri tulilikuta pori la miiba," alisema. "Tulilifyeka mwaka mmoja na nusu. Alipokufa niliomba wanipe ekari mbili tu. Wakasema mwanamke hapewi ardhi, ataondoka nayo." Aliinama, akang'oa gugu lililobaki karibu na shina la muhindi. "Basi hawakunipa. Na mimi sikuliita linifuate."

"Huwezi kuondoka nalo moja kwa moja, ukalikalisha kwingine?"

"Wapi? Nimetafuta. Huku hifadhi, kule mgodi, katikati mashamba ya watu. Kila nilipolala watu walibanwa. Nimechoka kuwaomba watu radhi."

Maftah alimhurumia. Alimhurumia njia nzima hadi Mugumu, juu ya bodaboda, hasa kwenye mashimo. Lakini alipofika nyumbani na kufungua daftari aligundua kwamba huruma nayo haina upande. Alichokiona ni kitu kingine: kama shamba hulala anapolala mjane, basi dawa ni mjane alale shambani. Hasara ile ikageuka kuwa mlinzi. Akaifuta upande wa kulia, akaiandika upande wa kushoto, na upande wa kulia ukabaki mweupe.

Mauziano yalifanyika ofisi ya kijiji, siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Walikuwepo Nyangwine, wazee wawili wa ukoo, mtendaji wa kijiji, Maftah na mkewe, na Ghati kwenye benchi karibu na mlango. Mtendaji alikuwa kijana msomi. Sheria aliijua. Aliijua vizuri, hata kile kipengele kinachosema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume, maana bango lake lilikuwa limebandikwa ukutani nyuma ya kiti chake. Ila ukoo ulikuwa umeshakaa, na yeye alikuwa na miezi miwili tu tangu ahamie kituo kile.

Wakati mkataba unasomwa, Kuruthumu aliinua mkono. "Samahani, baba zangu. Nauliza tu. Mbona shamba linamfuata yeye?"

Wazee wakamtazama Nyangwine.

"Mazoea," alisema Nyangwine. "Amelilima miaka ishirini na sita. Hata ng'ombe humzoea anayemkamua. Lakini ng'ombe anabaki kuwa wa mwenye boma."

"Kweli," alisema mzee mmoja.

Mtendaji akafungua droo kutafuta wino wa muhuri, akautafuta kwa muda mrefu kuliko ukubwa wa droo. Kuruthumu hakuuliza tena. Baadaye, walipokuwa njiani, Maftah alimuuliza kwa nini alinyamaza, naye akajibu, "Nilitazama, nikaona kalamu umeshaishika."

Kifungu cha saba cha mkataba kilisema kwamba Ghati, mjane wa marehemu Kisyeri, ataendelea kulala ndani ya mipaka ya shamba, na hatalala nje yake bila ruhusa ya mnunuzi kwa maandishi. Kwenye orodha ya mashahidi ilikuwa imebaki nafasi moja tupu. Wakamwita Ghati aje aweke dole gumba.

Maftah hakuwa mnunuzi mbaya. Alimjengea Ghati nyumba ya vyumba viwili katikati ya shamba, akaiezeka kwa bati, akaipa mlango wa mninga ambao tajiri mmoja wa Mugumu aliuagiza na kushindwa kuulipia. Akaweka kitasa kipya. Ufunguo mmoja akampa mama, mwingine akabaki nao, kwa tahadhari tu. Alimruhusu alime mboga karibu na kijito. Watu wa Busawe walimsifu: shemeji zake hawakuwahi kumtendea vile. Maofisa wa ardhi walikuja na kifaa chao cha kupimia, wakapima siku tatu mfululizo, na siku zote tatu shamba lilikuwa palepale. Wakaridhika, wakaandika. Mitiki ikapandwa upande wa juu, ikashika.

Mwaka wa pili, mahindi yakiwa yanakaribia kuvunwa, Boke alijifungua mtoto wa kike huko Sirari. Ghati alikuja hadi barabarani kumngoja Maftah. Hakuketi.

"Fundi, naomba ruhusa. Usiku saba. Nikamwogeshe mjukuu."

Maftah alilipima jambo hilo kwa haki. Siku saba si nyingi. Lakini shamba likienda Sirari na mahindi yamekauka vile, yatapukutika njiani. Tena Sirari nyumba zimebanana hadi mpakani: lingekaa wapi? Nusu yake ingelala Kenya, na mahindi yaliyolala Kenya yana ushuru wake yakirudi.

"Mama, tungoje tuvune," alisema.

"Mtoto hangoji mavuno."

"Basi fanya hivi. Mimi nitatuma nauli, Boke aje na mtoto hapahapa. Mkae mtakavyo. Maziwa nitaleta mwenyewe."

"Sawa," alisema Ghati, akarudi shambani.

Boke alikuja, akakaa siku nane. Kijiji kizima kilisikia habari ya nauli na maziwa, na siku ya Ijumaa, msikitini Mugumu, mtu mmoja alimtaja Maftah kwa mfano mzuri. Mtoto alilala kwenye chumba cha nyuma, kifuani kwa bibi yake, siku zote nane. Siku ya tisa mama yake akamfunga mgongoni, wakapanda gari la kurudi Sirari.

Asubuhi ya kumi na mbili Maftah alipita mpaka wa chini na kuona minyaa imesogea. Akapima. Shamba lilikuwa limepungua hatua moja kwa upana, kuanzia kona hadi kona. Mchana Boke akampigia mama yake simu kusema kwamba nyuma ya chumba alichopanga, kati ya ukuta na choo, kuna ukanda wa udongo mweusi wenye mashina ya mahindi, na mwenye nyumba anauliza ni wa nani.

Maftah alikwenda kwa Nyangwine na mkataba mkononi. Nyangwine aliusoma mara mbili, akidonoa kila mstari kwa kidole.

"Mura, kijana wangu, humu ametajwa Ghati," alisema. "Mtoto hayumo."

Jumapili Maftah na Kuruthumu walikwenda kupanga mpaka upya. Yeye alichimba mashimo, mkewe akawa anampa vipande vya minyaa. Upande wa pili wa shamba Ghati alikuwa akivunja mahindi, akiyatupa kwenye kapu bila haraka.

"Safari ijayo," alisema Maftah, "Boke aje peke yake."

"Na mtoto?"

"Mtoto abaki kwao."

Kuruthumu alibaki ameshika kipande cha mnyaa, utomvu mweupe ukimtiririkia kiganjani. "Kwao wapi?" aliuliza.

Maftah alikuwa akishindilia udongo kwa kisigino. Akanyoosha mkono apewe kingine.